Wi-Fi ya Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mtu anapofungiwa intaneti nyumbani, na tena miezi mitatu baadaye inapoanza kusumbua. Menyu za ruta nyingi ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo majina ya vitufe yameachwa yalivyo ili uyatambue ukiyaona.

## Mambo ya mwanzo

Wi-Fi na intaneti si kitu kimoja?

Hapana. Intaneti ni huduma unayoilipia, inayofika kwako kwa waya wa faiba, kwa laini ya simu au kwa dishi la satelaiti. Wi-Fi ni mawimbi ya redio yanayotoka kwenye ruta yako kwenda kwenye simu, runinga na kompyuta za humo ndani. Ndiyo maana alama ya Wi-Fi inaweza kuwa imejaa na ujumbe wa WhatsApp ukabaki na kialama cha saa: kati ya simu na ruta mambo ni mazima, kilichokatika kiko nje ya nyumba. Kabla ya kumpigia fundi, jua kwanza ni upande upi uliokufa.

Nichukue faiba, ruta ya laini, au nitumie tu hotspot ya simu?

Faiba ikipita mtaani kwako na huna mpango wa kuhama karibuni, chukua faiba. Ruta ya laini inamfaa mpangaji anayehamahama, lakini kasi yake inategemea mnara na idadi ya watu wanaoutumia saa hiyo. Saa mbili usiku utajua una majirani wangapi. Hotspot ni ya dharura. Inamaliza betri, simu inachemka, na mwenye simu akitoka nyumba nzima inabaki gizani.

Mbps ngapi zinanitosha?

Mbps ni megabiti kwa sekunde. Kasi ya kifurushi huhesabiwa kwa biti, mafaili huhesabiwa kwa baiti, na baiti moja ina biti 8. Kwa hiyo 10 Mbps ni MB 1.25 kwa sekunde, na filamu ya GB 1 itachukua dakika 13 na ushei hata mambo yakienda vizuri kabisa. Video ya HD hula kama 5 Mbps. Nyumba yenye runinga moja na simu nne haihitaji 100 Mbps. Anayefanya kazi kwa mikutano ya video aulize pia kasi ya kupandisha, maana matangazo hutaja ya kushusha peke yake.

## Kuiweka

Ruta ikae wapi?

Fundi wa faiba ataiweka pale waya ulipoingilia, yaani nyuma ya mlango au chini ya dirisha la sebule, kwa sababu hapo kazi yake inaisha haraka. Zungumza naye kabla hajatoboa ukuta. Mita chache za waya zinazoifikisha ruta kwenye korido ya katikati zitakusaidia kuliko ruta ya bei mbaya iliyosukumwa pembeni, ambayo nusu ya mawimbi yake inamhudumia jirani na kuku wake.

Iweke juu, kimo cha kabati au zaidi, mahali penye hewa. Adui wake mkubwa ni chuma na maji. Nguzo ya zege yenye nondo, ukuta wa bati, friji, tangi la maji, hata kioo kikubwa cha kujitazamia (kina utando wa metali kwa nyuma), vyote hukata mawimbi. Tofali la saruji hupunguza, nalo ukilipanga kuta tatu linaua. Nyuma ya runinga ndiko watu wengi wanakoificha isionekane, na ndiko pabaya zaidi.

Antena za nje zisimame wima kama nyumba ni ya chini tu, kwa kuwa mawimbi yake hutoka kwa ubavu, si kwa ncha. Nyumba ya ghorofa, laza moja.

Naona majina mawili, moja lina 5G mwishoni. Nitumie lipi?

Hiyo 5G siyo ile ya minara ya simu. Ni masafa ya 5 GHz. Yana kasi zaidi lakini hayapiti ukutani vizuri. Ya 2.4 GHz hufika mbali, ila yamejaa watu, na maikrowevu hufanya kazi kwenye masafa hayohayo, ndiyo maana video hukwama chakula kikipashwa moto. Runinga na kompyuta zilizo chumba kimoja na ruta zipe 5 GHz. Balbu za kisasa, kamera za bei nafuu na simu za zamani mara nyingi zinajua 2.4 tu.

Kama unaishi kwenye apatimenti na ya 2.4 inakwamakwama, ingia kwenye mipangilio uchague chaneli 1, 6 au 11. Hizo tatu haziingiliani. Ukichagua 3 au 8 utakuwa unagombana na majirani wa pande mbili badala ya mmoja.

Naingiaje kwenye mipangilio ya ruta?

Unganisha simu na Wi-Fi yako, zima data, fungua kivinjari, kisha andika anwani iliyo kwenye stika chini ya ruta. Zinazoonekana sana ni 192.168.1.1 na 192.168.0.1, ruta nyingi za laini za Huawei hutumia 192.168.8.1, na za faiba 192.168.100.1. Stika ikiwa imefutika, fungua maelezo ya Wi-Fi kwenye simu na utafute palipoandikwa Gateway au Router.

Kivinjari kikikuambia ukurasa si salama, hapa pekee usishtuke. Unazungumza na kisanduku kilicho mezani kwako.

## Nywila na kufuli zake

Nywila ya Wi-Fi na nywila ya admin zina tofauti gani?

Ya Wi-Fi inamruhusu mtu kutumia mtandao. Ya admin inamruhusu kuubadilisha. Karibu kila mtu hubadilisha ya kwanza na kuiacha ya pili kama ilivyotoka kiwandani, admin kwa admin, na hili ndilo kosa ambalo ningemsihi mtu alirekebishe hata kama hatafanya lingine lolote kwenye ukurasa huu.

Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilivamia mamia ya maelfu ya kamera na ruta duniani bila ujanja wowote mkubwa. Ilijaribu tu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, jozi zipatazo sitini. Na si lazima adui awe mbali. Mtu uliyempa Wi-Fi leo, akiandika anwani ile ya ruta na kuingia kwa admin, anaweza kubadilisha DNS, kitu kinachoamua ukiandika jina la benki yako upelekwe wapi. Kivinjari kitalalamika kwamba cheti hakilingani, lakini tunajua watu wangapi hubonyeza "endelea" wakiwa na haraka.

Ruta ya kampuni mara nyingi huwa na akaunti mbili, yako yenye menyu chache na ya kampuni yenye zote. Badilisha yako, kisha waulize hiyo nyingine inalindwaje.

Nywila gani ni nzuri kwa Wi-Fi?

Tuanze na ile mbaya inayopendwa kuliko zote: namba ya simu. Ina tarakimu 10, inakumbukika, inaonekana ndefu. Lakini namba za simu za mkononi Tanzania huanza na 06 au 07, za Kenya na 07 au 01. Zinabaki tarakimu 8 za kubahatisha, jumla milioni 200.

Milioni 200 ni nyingi kwa mtu anayeandika kwa kidole. Mvamizi haandiki kwa kidole. Simu yako inapojiunga na Wi-Fi, hupeana na ruta ujumbe mfupi wa utambulisho, na yeyote aliye karibu na geti akiwa na kompyuta anaweza kuunasa. Kuanzia hapo haihitaji tena ruta yako. Anakwenda kwake na kujaribu nywila moja baada ya nyingine dhidi ya ujumbe ule, na kompyuta yenye kadi nzuri ya picha hujaribu malaki kwa sekunde. Namba zote za simu za nchi nzima zinaisha ndani ya nusu saa. Ruta haitajua kama kuna kilichotokea.

WPA, yaani kufuli ya Wi-Fi yenyewe, inakubali nywila ya herufi 8 hadi 63. Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana, yachaguliwe kwa kubahatisha: fungua kamusi ukiwa umefumba macho, weka kidole. Kitu kama "ndoana-tarumbeta-saruji-binamu" kinaandikika kwa rimoti ya runinga na hakimo kwenye orodha ya mtu. Methali, aya na mstari wa wimbo ziache, hata ziwe ndefu vipi, kwa sababu orodha za wavamizi hukusanya hasa sentensi ambazo watu wengine wamekwisha kuziandika.

WPA2, WPA3, TKIP, AES... nichague nini?

WPA3 kama ipo, ilianza kutoka 2018, na ule mchezo wa kunasa ujumbe na kwenda kubahatisha nyumbani haufanyi kazi kwake. Kifaa cha zamani kikikataa kuunganishwa, chagua WPA2/WPA3 kwa pamoja. Isipokuwepo, WPA2 yenye AES inatosha ukiwa na nywila nzuri. TKIP, njia ya zamani ya kusimba data, usiiguse. Ukikuta ruta inayojua WEP tu, kufuli iliyotangulia WPA, hiyo imevunjika tangu 2001, iweke kabatini.

Kile kitufe cha WPS kina ubaya gani?

Kitufe hicho huunganisha kifaa bila kuandika nywila. Chenyewe si tatizo kubwa, tatizo ni PIN inayokuja nayo. Ina tarakimu 8, ila mwaka 2011 iligundulika kwamba ruta huikagua kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu. Kwa hiyo mvamizi anajaribu mara 11,000 badala ya milioni mia, na akiipata ruta inampa nywila yako yenyewe, hata iwe na maneno kumi. Izime.

Nikificha jina la Wi-Fi, au nikiruhusu simu zetu tu kwa MAC (namba ya utambulisho ya kila kifaa), si itakuwa salama zaidi?

Kidogo mno. Jina lililofichwa huonekana kwa programu za bure, na zaidi ya hapo simu yako huanza kuliita kwa sauti kila unakokwenda, sokoni hadi ofisini, ikiuliza kama lipo. MAC nayo huigwa kwa dakika moja. Tena tangu Android 10 na iOS 14 simu hubuni MAC ya bandia kwa kila mtandao, hivyo utakayemfungia nje kwanza ni wewe. Nguvu hizo ziweke kwenye nywila.

Jina niliite nini?

Lolote la herufi zisizozidi 32, ila lisitaje namba ya nyumba, jina lako kamili wala aina ya ruta. Utani ruksa. "Lipa Kodi Kwanza" inapendwa na wenye nyumba.

## Wageni, wapangaji na majirani

Mgeni akiomba nywila nimpe?

Mpe ya mtandao wa wageni. Tafuta Guest Network kwenye mipangilio, uwashe, uipe nywila yake. Mgeni anapata intaneti lakini hafikii ukurasa wa ruta, kompyuta wala printa yako. Kumnyima shemeji Wi-Fi hakuwezekani. Kumtenga kistaarabu kunawezekana.

Sababu ya pili wengi hawaijui. Kuna programu za "kufungua Wi-Fi bure" ambazo hazifungui chochote. Zinachukua nywila zilizohifadhiwa kwenye simu ya aliyezipakua na kuziweka hadharani kwenye ramani. Mgeni wako hana nia mbaya, ila simu yake imeshakutangaza.

Jirani anataka tuchangie malipo. Kuna ubaya?

Kiufundi hakuna: mpe mtandao wa wageni, uweke kikomo cha kasi kama ruta inaruhusu ili mechi ya Jumapili isiwafikishe kwa mjumbe. Ubaya uko kwenye jina. Mkataba ni wako, na likifanyika kosa la mtandao kupitia laini hiyo, atakayeulizwa kwanza ni wewe. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina yake ya 2018. Kuchangia na ndugu wa chumba cha pili ni jambo moja. Kuvuta nyaya na kukusanya hela za mtaa mzima ni biashara inayohitaji leseni, ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kwa Tanzania na ya Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Kampuni nyingi pia hukataza kuuza tena huduma.

Nitajuaje kama kuna anayetumia bila ruhusa?

Ukurasa wa ruta una orodha ya vilivyounganishwa, Connected Devices au DHCP List. Majina hayasaidii sana, maana nyumba yenye TECNO tatu itaonyesha TECNO tatu. Zima Wi-Fi kwenye vifaa vyenu kimoja kimoja huku ukiitazama orodha. Kitakachobaki wakati vyote vimezimwa si chenu. Usisahau kisimbuzi, runinga na kamera.

Usihangaike kubonyeza Block, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la MAC. Badilisha nywila.

Mpangaji, dada wa kazi au mlinzi aliyejua nywila ameondoka. Lazima nibadilishe?

Ndiyo, siku hiyohiyo, na ya admin pia kama aliijua. Kama alikuwa kwenye mtandao wa wageni, unabadilisha hiyo tu na runinga haitaulizwa kitu.

Nataka kuwazuia watoto wasifike sehemu fulani.

Njia nyepesi ni kuweka DNS ya 1.1.1.3 kwenye ruta, ambayo huzuia kurasa za ngono na zenye programu hasidi. Ruta nyingi pia zinaweza kuzima simu fulani baada ya saa fulani. Lakini mtoto mwenye bando lake haguswi na lolote kati ya haya.

## Umeme na hitilafu

Umeme ukikatika intaneti inakatika. Dawa yake?

UPS ndogo ya DC, kisanduku chenye betri kinachokaa kati ya adapta na ruta. Soma volti kwenye adapta kwanza. Ruta nyingi ni 12V, chache ni 9V au 5V, na ukikosea umeikaanga. Kama faiba yako ina visanduku viwili, kile cha faiba na ruta, vyote viwili vinahitaji umeme.

Faiba yenyewe ni kioo, haibebi radi. Adapta iliyo ukutani inabeba. Mvua ya radi ikianza, chomoa. Hata umeme ukikatika chomoa, kwa kuwa unaporudi mara nyingi hurudi kwa kishindo.

Taa ya LOS inawaka nyekundu.

Mwanga wa faiba haufiki. Angalia kama waya umekunjwa kwa kona kali, umebanwa na mguu wa kochi, au kichwa chake kimelegea. Usichungulie ncha ya waya: mwanga wake hauonekani na si mzuri kwa jicho. Ikiwa ndani hakuna kasoro, kuna aliyekata huko nje, piga simu kampuni.

Na tafadhali usibonyeze Reset. Kuzima na kuwasha ni sawa kabisa. Reset inafuta mipangilio ambayo kampuni iliweka ili ruta yako itambulike kwao, na tatizo la saa mbili linakuwa la siku mbili ukimsubiri fundi.

Nimesahau nywila ya admin.

Kwa ruta uliyonunua mwenyewe, shikilia kitundu cha Reset kwa pini sekunde kumi hivi mpaka taa zipepese, kisha uanze upya na nywila ya kwenye stika. Kwa ruta ya kampuni soma jibu lililotangulia, halafu uwapigie.

Chumbani haifiki. Ninunue kirudishi (repeater)?

Kirudishi cha kuchomeka ukutani mara nyingi hutumia redio ileile kupokea na kutuma, kwa hiyo kasi hupungua kama nusu. Wengi huking'ang'aniza chumbani kusikofika mawimbi. Kikae katikati ya njia. Bora zaidi ni kuvuta kebo hadi ruta ya pili na kuiweka kwenye Access Point Mode. Isipokuwa na hali hiyo, zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani kwa vifaa) na uchomeke kebo kwenye tundu la LAN, si WAN. Kabla ya yote, jaribu kuihamisha ruta uliyonayo.

## Hali za pekee

Nataka kuiona kamera ya nyumbani nikiwa safarini.

Tumia programu ya kamera yenyewe, yenye nywila yako na si ya kiwandani. Fundi akikuambia "nifungue port", yaani mlango wa kuingilia kutoka mtandaoni, kataa. Kamera iliyo wazi kwa dunia nzima hugunduliwa na mashine zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana, na kwenye laini nyingi za simu haitafanya kazi hata hivyo, kwa kuwa wateja wengi hushirikishwa anwani moja. Zima UPnP, inayoruhusu vifaa kufungua port vyenyewe, na kamera iweke kwenye mtandao wa wageni.

Ruta nayo inahitaji masasisho?

Inahitaji, tena haikukumbushi kama simu. Mwaka 2018 programu hasidi iitwayo VPNFilter ilikutwa kwenye ruta na vifaa vya kuhifadhia data visivyopungua 500,000, katika nchi zisizopungua 54. Tafuta Firmware (programu ya ndani ya ruta) au System Update, washa ya kujiendesha kama ipo, na zima Remote Management, inayoruhusu ruta kuendeshwa kutoka nje. Ruta ambayo mtengenezaji ameacha kuitolea masasisho haina dawa.

Nimeuziwa ruta ya mtumba. Ni salama?

Iriseti kabla ya kuiunganisha na chochote, sasisha, kisha badilisha nywila zote mbili. Kabla ya kulipa, ijaribu na laini yako palepale dukani, kwani ruta nyingi za mitumba zimefungwa zikubali mtandao mmoja tu.

Nahama. Ruta niifanyeje?

Ikiwa ni ya kampuni, irudishe na udai risiti, maana wengine hutozwa baadaye kwa kifaa kisichoonekana kwenye kumbukumbu. Ikiwa ni yako na unaiuza au kumwachia mpangaji ajaye, iriseti kwanza: ndani yake mna nywila ambayo huenda utaitumia tena kule uendako, na simu na runinga zenu zote zitajiunga zenyewe zikiikuta ruta hiyo.